Shule Zilipofungwa kwa Ajili ya Korona, Kiingereza cha Watoto Wetu Kilikwenda Wapi?



Safari hii mtatushangaa kidogo. Mmezoea tuzungumzie malaria, kuhara, upungufu wa damu na lishe ya watoto, nasi leo tumekuja na habari ya Kiingereza. Je, wauguzi wamemaliza magonjwa hata waingilie kazi ya walimu? La hasha. Magonjwa yapo tele, na foleni ya kliniki haijapungua. Lakini wazazi wa Nachingwea na Ruangwa, wanapokaa kwenye benchi wakisubiri majibu ya maabara, wamekuwa wakituuliza swali lile lile kwa maneno tofauti: ugonjwa wa mlipuko ukija tena na shule zikafungwa kama mwaka 2020, mtoto atajifunzaje Kiingereza nyumbani ambako hakuna anayekijua, na atajifunzaje bila kuambukizwa wala kuambukiza? Swali hili nusu yake ni la mwalimu na nusu yake ni la muuguzi. Tutajitahidi kujibu nusu yetu, na ile nyingine tutaigusa kwa yale tuliyoyaona.

Tukumbushane yaliyotokea

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Korona imekuwa janga la dunia nzima. Tarehe 16 Machi Waziri wa Afya wa wakati ule, Ummy Mwalimu, akatangaza mgonjwa wa kwanza nchini mwetu, abiria aliyekuwa ametoka Ubelgiji. Kesho yake, tarehe 17 Machi, Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wa Ruangwa na mtu aliyesomea ualimu, akatangaza kufungwa kwa shule za awali, za msingi na za sekondari kwa siku 30. Siku hizo zikaongezwa. Kidato cha sita na vyuo walirudi tarehe 1 Juni, na wengine wote wakarudi tarehe 29 Juni 2020. Ukihesabu, ni miezi mitatu na siku kumi na mbili.

Sisi tulipata nafuu kuliko majirani. Kenya ilifungua shule zote kwa pamoja Januari 2021 tu, ingawa madarasa machache yalitangulia Oktoba 2020. Uganda haikufungua kwa wote hadi Januari 2022, karibu miaka miwili kamili, na duniani kote hakukuwa na nchi iliyokaa muda mrefu kuliko huo. Kwa hiyo wako watu wanaosema kwamba miezi mitatu ya Tanzania haikuwa kitu. Sisi hatukubaliani nao, hasa ukizungumzia Kiingereza.

Kwa nini Kiingereza ndicho kilichoumia zaidi

Fikirini mtoto wa Kilimarondo au wa Mbekenyera anayerudishwa nyumbani mwezi Machi. Hesabu atakutana nazo: atapima mahindi kwa debe, atahesabu chenji dukani, na ufuta ukivunwa atasimama na baba yake kwenye mizani. Sayansi iko shambani na kisimani. Kiswahili kipo kila mahali, na kwa bibi kipo Kimwera, au Kimakua, au Kiyao. Kiingereza je? Kiingereza hakipo kisimani, hakipo shambani, wala hakipo kwa bibi. Kiko darasani tu. Mlango wa darasa ukifungwa, lugha nayo inafungiwa ndani.

Tena kuna kundi moja ambalo lilishikwa vibaya. Katika shule zetu za msingi za serikali, Kiingereza ni somo moja tu, na masomo mengine hufundishwa kwa Kiswahili. Mtoto akivuka kuingia sekondari mambo yanageuka: Biolojia, Jiografia, Hesabu, Historia, karibu yote huja kwa Kiingereza. Ndiyo maana walimu hutumia wiki za mwanzo za kidato cha kwanza kuwafundisha watoto Kiingereza cha kuanzia, ili masikio yao yazoee kabla masomo hayajakolea. Watoto walioingia kidato cha kwanza Januari 2020 walipata wiki kumi hivi, basi. Walikuwa kama mtu anayejifunza kuogelea, ameachia ukingo lakini hajaelea bado, halafu mwalimu anaondoka.

Wazee wetu watatuambia kwamba Kiingereza si kigeni kabisa Nachingwea. Ni kweli. Mwaka 1947 Waingereza walikuja kulima karanga kwa matrekta makubwa, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu za mradi ule pamoja na Kongwa na Urambo. Mradi ukashindwa, wakauacha mwaka 1951. Tumewasikia wazee waliofanya kazi kule wakitamka amri za wasimamizi wao kwa sauti ile ile ya kizungu, ingawa hawakuwahi kushika daftari la Kiingereza. Waliijua kwa sikio na kwa mdomo, kwa kuishi karibu na wanaoisema. Hebu lishikeni jambo hilo, maana ndilo linalotuleta kwenye afya.

Lugha na ugonjwa hupita njia moja

Korona huenezwa kwa pumzi. Mgonjwa akikohoa, akipiga chafya, akiimba au akizungumza, hutoa matone ya mate, mengine madogo mno hayaonekani kwa macho na huelea hewani. Akizungumza kwa sauti kubwa hutoa mengi zaidi kuliko akizungumza polepole. Chumba kikiwa kidogo, madirisha yamefungwa na watu wamebanana, matone hayo hukusanyika.

Sasa tazameni somo la Kiingereza linavyokuwa. Mwalimu anasema sentensi moja, na watoto 60 au 80 wanaijibu kwa pamoja kwa sauti ya kupasua bati. Anasema tena, wanajibu tena. Halafu wanageukiana wawili wawili, uso kwa uso, kuulizana majina na umri. Hakuna somo jingine lenye kelele kama hilo, na halina budi kuwa hivyo, kwa sababu mtoto asiyefungua mdomo hajifunzi kusema. Yale yale ambayo lugha inayataka, yaani midomo wazi, masikio karibu, sauti za wengi kwa pamoja, ndiyo yale yale ambayo virusi vya Korona vinayapenda.

Kwa hiyo shule zilipofunguliwa, mwalimu wa Kiingereza alikuwa na taabu ya pekee. Mahali walipovaa barakoa, watoto hawakuuona mdomo wake. Mzazi anaweza kudhani hilo ni dogo. Lakini jaribuni kumfundisha mtoto tofauti ya "thin" na "sin" mkiwa mmefunika midomo. Katika neno la kwanza ulimi hutokeza kidogo kati ya meno, na katika la pili hujificha. Mtoto wetu, ambaye maneno ya lugha yake huishia kwa irabu, tayari ana kazi ya kusikia mwisho wa neno la Kiingereza, na ndiyo maana "book" tukaliongezea u likawa buku. Kitambaa kikiwa mdomoni, ule mwisho ndio unaopotea kwanza.

Walimu wengine walivaa ile karatasi ngumu ya plastiki inayoonyesha uso. Inasaidia watoto kuona, lakini sisi wauguzi hatuwezi kuisifu sana, kwa kuwa ikivaliwa peke yake huacha wazi pembeni na chini, na hewa hupita. Dawa nzuri zaidi ilikuwa rahisi kuliko hiyo: kutoka nje. Chini ya mkorosho au mwembe, watoto wameachiana nafasi, mwalimu akiwa hatua tatu au nne mbele yao, anaweza kushusha barakoa, akatamka neno mara tatu wote wakiona ulimi na midomo yake, kisha akaipandisha. Kwa watoto wadogo wa miaka 5 na chini yake, Shirika la Afya Duniani lenyewe lilisema mwezi Agosti 2020 kwamba hawapaswi kulazimishwa kuvaa barakoa.

Na kama mvua inanyesha na hakuna pa kwenda? Basi madirisha yote yawe wazi, kundi moja lijibu huku jingine likisikiliza, na wajibu kwa sauti ya kawaida badala ya kupiga kelele. Walimu kadhaa wametuambia kwamba watoto wakijibu kwa makundi madogo, mwalimu husikia nani anakosea, jambo ambalo kwenye kelele ya watoto 80 haliwezekani. Hapo afya na elimu zimekubaliana. Kusema kweli ushauri huu wa madirisha hautegemei Korona. Kifua kikuu nacho husafiri hewani katika vyumba vilivyofungwa, nacho hakijaondoka. Mtoto au mwalimu anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi aje apimwe. Dawa zake ni bure na hutolewa kwa miezi sita.

Yaliyofanyika majumbani

Serikali haikukaa kimya. Taasisi ya Elimu Tanzania ilitayarisha vipindi vikarushwa kwa redio na televisheni. Mijini watoto wa shule za kulipia walipokea kazi kwa simu za kupangusa. Huko ng'ambo, wahamiaji waliokuwa wakijifunza Kiingereza Marekani na Uingereza, wakiwemo ndugu zetu Wakongo wanaozungumza Kiswahili, walihamishiwa masomo yao kwenye simu na kompyuta. Huku kwetu nyumba nyingi zina simu ya kitochi, redio ambayo betri zake hununuliwa fedha ikipatikana, na runinga ni ya jirani. Kipindi cha redio ni kizuri, hatukipuuzi. Lakini redio husema, haisikilizi. Mtoto akitamka vibaya, redio haimsahihishi wala haimngoji.

Tulikuwa na wasiwasi mwingine pia. Nyumba yenye redio au runinga ilijaza watoto wa mtaa mzima katika sebule moja yenye dirisha dogo. Tuliwafungia watoto shule ili wasikusanyike, nao wakakusanyika mahali penye hewa mbaya kuliko darasani! Tulipopita kwenye huduma za mkoba tuliwaomba wenye nyumba watoe redio nje, uani, na wengi walikubali bila maneno.

Mwalimu mmoja tunayemfahamu alitumia ubao mkuukuu. Kila Jumamosi aliutundika karibu na mashine ya kusaga, akiwa ameandika sentensi tano za Kiingereza, kwa kuwa alijua kila nyumba itatuma mtoto na ndoo ya mahindi. Mtoto alizinakili, akaenda kuzisoma nyumbani kwa sauti, na Jumamosi iliyofuata alizisema mbele ya mwalimu kabla ya kupewa nyingine. Tulipomwambia kwamba pale mashineni watu hubanana na kelele ni nyingi mno mtoto asisikie kitu, aliuhamishia ubao chini ya mwembe hatua chache kutoka hapo, akaweka na kibuyu chirizi cha kunawia. Sentensi zake zilikuwa za mambo ya siku zile: Wash your hands with soap. Do not touch your face. My grandmother is not coughing. Hiyo ya mwisho watoto waliipenda, wakawa wanaisalimia nayo.

Kwa kweli Korona yenyewe ilileta msamiati mkubwa. Watoto walituuliza karantini ni nini, nasi tukawaeleza kwamba asili yake ni hesabu ya siku 40 ambazo meli zilikuwa zikingojeshwa nje ya Venice zamani za tauni. Barakoa ni neno la pwani la kale, la kifuniko cha uso wa wanawake, likapewa kazi mpya. UVIKO likaundwa kwa mtindo ule ule ulioleta UKIMWI. Mtoto akiyaona maneno hayo ya lugha mbili yakiwa bega kwa bega katika tangazo la ukutani, tayari anajifunza kutafsiri, na mzazi mwenye kuuliza tu "hapa wameandika nini?" amefanya kazi ya mwalimu.

Hapo tunataka kukaa kidogo, kwa sababu wazazi wengi hudhani hawana la kufanya. Mama mmoja wa upande wa Ruangwa, aliyeishia darasa la saba, alituambia alivyokuwa akifanya na binti yake wa kidato cha kwanza. Kila jioni kabla ya giza binti alisoma ukurasa mmoja wa kitabu cha Biolojia kwa sauti, kisha alipaswa kumweleza mama kwa Kiswahili, na bibi kwa Kimwera, kile alichosoma. Mama hakujua Kiingereza, lakini alijua maelezo yenye maana na maelezo yasiyo na maana. Binti alipoanza kuzunguka-zunguka, mama alimwambia, "Hapo hujaelewa, soma tena." Na binti alikuwa kweli hajaelewa! Bibi naye, aliyekuwa akitumia dawa za shinikizo la damu, ndiye aliyemfaa zaidi, kwa sababu alikuwa na maswali mengi kuhusu moyo na hakuridhika na jibu fupi.

Hatujui ada yoyote ya twisheni inayonunua kitu kama hicho. Mtoto aliyelazimika kuieleza habari moja kwa lugha tatu hawezi kuisahau upesi.

Mabinti ambao hawakurudi

Sasa tuje kwenye jambo zito. Katika kliniki ya wajawazito, kuanzia miezi ya mwisho ya mwaka ule, tulipokea mabinti ambao mwezi Machi walikuwa darasani na madaftari yao. Baadhi walikuja na sketi ile ile ya shule, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote walizonazo. Miezi mitatu ni mingi kwa binti asiye na shughuli maalumu, ambaye wazazi wako shambani, na fedha za ufuta zimeanza kuonekana mikononi mwa vijana wa kiume. Wengine ilikuwa ni kudanganywa, wengine ilikuwa ni kubakwa na watu waliowajua, na hayo mtu hayasemi siku ya kwanza.

Wakati ule binti aliyepata mimba hakuruhusiwa kurudi katika shule ya serikali. Jambo hilo lilibadilika tarehe 24 Novemba 2021, pale Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, alipotangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliojifungua, waruhusiwe kurudi. Pia ziko njia nyingine kupitia vituo vya elimu ya watu wazima. Tuliwatafuta baadhi ya wale mabinti tukawaambia. Na unajua walichotujibu wengi? Hawakutaja kwanza aibu, wala nani atamlea mtoto. Walisema, "Nesi, Kiingereza chenyewe nimeshakisahau." Wiki kumi za kidato cha kwanza, halafu mwaka na nusu wa kukaa nyumbani na mtoto mgongoni, ni nani asingesahau?

Hilo linatuhusu sisi wa hospitali moja kwa moja. Vyuo vya uuguzi hutaka mwombaji awe amefaulu Biolojia, Kemia na Fizikia katika kidato cha nne, na masomo hayo yote hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Chuoni vitabu ni vya Kiingereza, na faili la mgonjwa huandikwa kwa Kiingereza, hata kama mgonjwa tunamwuliza kwa Kiswahili na bibi yake tunamjibu kwa Kimwera. Binti anayekwama kwenye lugha hakosi akili ya uuguzi. Tumewaona wengine wakiwanyonyesha watoto wao na kuwaangalia homa kwa uangalifu kuliko watu waliosoma. Lakini mlango una kufuli hiyo, na sisi tunaokaribia kustaafu tunatazama nyuma yetu tukijiuliza ni nani wa Nachingwea na Ruangwa atakayeshika wodi.

Watoto wa kidato cha kwanza wa 2020 walifanya mtihani wa kidato cha nne Novemba 2023. Kama nyumbani kwenu yupo aliyeachia njiani, msimhesabu kuwa amekwisha. Lugha iliyosahaulika hurudi upesi kuliko ile isiyojifunzwa kabisa, hasa kwa kijana. Aanze na vitabu vya darasa la sita na la saba bila kuona haya, asome kwa sauti, na mtu mmoja nyumbani ampokee mtoto kwa saa moja kila siku. Saa hiyo moja ni msaada mkubwa kuliko maneno ya kumtia moyo. Na aje kliniki ya uzazi wa mpango tuzungumze kwa faragha, ili masomo yasikatizwe mara ya pili.

Likitokea tena

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Korona si dharura ya dunia tena, ingawa virusi vyenyewe bado vipo. Lakini milipuko haikuisha. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa mkoani Kagera, na Januari 2025 ukatokea tena huko huko Kagera, wilayani Biharamulo. Machi 2025 wagonjwa wa mpox wakathibitishwa nchini. Kipindupindu hatuna haja ya kukitaja.

Kila ugonjwa una njia yake, na mzazi lazima aulize kwanza: huu unapitia wapi? Kipindupindu hupita kwenye maji na chakula. Watoto watano wakisoma Kiingereza kwa sauti chini ya mti hawaambukizani kwa kusoma, ila wataambukizana wakichovya kikombe kimoja kwenye ndoo ya maji yasiyochemshwa. Marburg hupita kwenye majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti, kwa hiyo hapo jambo kuu ni kutomgusa mgonjwa wala vitu vyake. Mpox nayo hupita hasa kwa kugusana ngozi kwa ngozi. Ukiwa ni ugonjwa wa pumzi kama Korona, ndipo mambo ya uwazi, nafasi na barakoa huja mbele. Tunasema hivi kwa sababu mwaka 2020 kuna nyumba zilizowafungia watoto ndani wasitoke hata uani, wakidhani hewa ya nje ndiyo yenye ugonjwa. Hewa ya nje ndiyo iliyokuwa salama.

Watoto wanne au watano wa ua mmoja, ambao tayari wanaishi na kula karibu, watoshe kuwa darasa. Mkubwa wao aongoze. Nusu saa asubuhi kabla ya jua kuwa kali inatosha kwa Kiingereza, lakini iwe kila siku, na iwe ya kusema. Kuandika wataandika wenyewe baadaye. Wasichana wasiitwe katikati kwenda kuteka maji huku wavulana wakiendelea. Tumeliona hilo mara nyingi mno. Jioni wasisomee koroboi, moshi wake unaumiza macho na vifua. Afadhali taa ndogo ya sola, au wasome kungali na mwanga.

Karatasi ya dawa na pakiti nazo ni vitabu. Mpeni mtoto wa sekondari pakiti ya dawa ya mseto iliyotoka hospitali, awasomee yaliyoandikwa: tarehe ya kuisha muda, mahali pa kuihifadhi, onyo la kuiweka mbali na watoto. Msomaji asiwe mganga, dozi ni ile aliyoandika daktari. Lakini anajifunza Kiingereza chenye kazi, nanyi mnajua kama dawa imepitwa na wakati.

Jambo la mwisho ni masikio. Wako watoto wanaoitwa wazito wa Kiingereza, kumbe hawasikii vizuri. Kiswahili wanakibahatisha kwa kuwa wamekizoea tangu utotoni, lakini lugha ngeni inawaumbua. Mwangalieni mtoto anayeuliza "eeh?" kila mara, anayegeuza kichwa upande mmoja anapoitwa, au anayepandisha sauti ya redio. Sikio likitoa usaha, likausheni mara tatu kwa siku kwa kitambaa safi, laini, kinachofyonza maji, kilichosokotwa kikawa kama utambi. Kiacheni kinyonye, kitoeni, wekeni kingine hadi sikio likauke. Msitie mafuta, maziwa ya mama, wala maji ya majani. Msichokonoe kwa njiti au unyoya wa kuku. Mtoto asiogelee mtoni mpaka apone. Usaha ulioanza karibuni huhitaji dawa ya kumeza, na uliokaa siku 14 au zaidi huhitaji matone maalumu ya sikio, kwa hiyo mleteni tumtazame na mtuambie ni tangu lini. Na mtoto huyo akirudi shule, mwombeni mwalimu amkalishe benchi la mbele, upande ambao sikio lake zima litamwelekea yeye.